Gereji ya Bi Zaina

Mradi wa karanga ulipopunguzwa Nachingwea, mzungu aliyemsimamia Abdulatifu kwenye matrekta alirudi kwao. Siku ya kuondoka alimwambia, "Gereji yangu ichukue wewe." Hakuandika kitu.

Ilikuwa ya mabati matupu, juu na pembeni. Jua likipanda, humo ndani hamkaliki. Hata hivyo mkewe, Mwamina, alishukuru. Mama yake, Bi Zaina, alikuwa amepooza huko Matambarale, hawezi hata kusema, nao walikuwa na chumba kimoja tu.

Walifanya kazi wiki tano. Walisimamisha fito ndani ya mabati, wakaacha nafasi ya kiganja, wakaijaza sufi waliyookota chini ya misufi ya Lionja. Juu ya fito wakakandika udongo. Mlango wa gari wakauziba, wakaacha dirisha na kijilango. Dari wakaishona kwa magunia, nayo wakaijaza sufi.

Bi Zaina akaletwa kwa machela. Adhuhuri ya kwanza akalala usingizi mzito, bila jasho. Mwamina alilia kwa furaha.

Siku ya kumi na mbili lilikuja lori. Msimamizi wa lori hilo, Augustino, alikuwa na karatasi: mabati yote ya mabanda ya mradi yamenunuliwa na mfanyabiashara wa Lindi.

"Mwenyewe alinipa," Abdulatifu alisema.

"Alikupa kwa barua?"

"Kwa mdomo."

Augustino alitazama chini. "Ndugu yangu, mimi nimetumwa."

"Basi ningoje nifike boma."

Alikimbia. Karani wa boma akaisoma nakala ya karatasi ile iliyokuwa ofisini mara mbili, akasema ni halali. Aliporudi, paa lilikuwa limeshuka na kuta za bati zimeng'olewa. Sufi ilikuwa ikipeperuka uwanjani, imenasa kwenye majani na kwenye nywele za vibarua. Mwamina alikuwa amesimama kando ya kitanda, ametandaza kanga juu ya mama yake kuzuia jua.

Augustino mwenyewe alishika upande mmoja wa kitanda. Walimbeba hadi kwenye chumba chao, wakamlaza, na mume na mke wakahamishia vyombo vyao barazani.

Jioni Bi Zaina alifungua mdomo. Midomo ikacheza, macho yamemkazia mkwewe. Mwamina aliinamisha sikio, akakaa hivyo kitambo kirefu.

"Anasema nini?" Abdulatifu aliuliza.

"Sijui," Mwamina alisema. "Sijui, mume wangu."