Moshi wa Miaka Ishirini na Sita

Jumatatu ya kwanza ya Januari, saa moja asubuhi, Semboja alipanda juu ya nyumba aliyokuwa akiipaua Kwamndolwa, akaweka misumari mitatu ya bati mdomoni na hakuwasha sigara. Fundi mwenzake, Habakuki, alikuwa chini akimsogezea bati. Alingoja kidogo, kwa sababu kwa kawaida kazi haikuanza mpaka moshi uonekane juu ya kenchi.

"Leo vipi, fundi?"

"Nimeacha."

"Umeacha tena?"

Ilikuwa mara ya nne. Mara moja aliacha siku sita, mara moja siku kumi na moja, na zamani mara moja, kwa kiapo chake mwenyewe, miezi tisa. Kila Ramadhani alikaa mchana kutwa bila sigara, lakini adhana ya magharibi ikilia mkono wake ulifika mfukoni kabla haujafika kwenye tende. Safari hii sababu ilikuwa Munira. Munira ndiye mtoto wao pekee, ameolewa Chanika, Handeni mjini, na tangu utotoni ana pumu. Mwezi wa kumi na moja alijifungua binti, Ikram. Arobaini yake alipaswa kuja kuikaa kwa mama yake, Korogwe, naye akakataa kwa simu.

"Baba, nakuheshimu sana. Lakini mwanangu halali kwenye nyumba yenye sigara. Kifua changu kimetosha."

Semboja alisikiliza, akakata simu, akatoka uani akavuta mbili mfululizo akilitafakari jambo hilo. Kisha akachagua Jumatatu.

Siku ya tatu, mkewe Mwaija alikuwa barazani kwenye cherehani akishona sare za shule. Alipokuwa akipinda shati, moshi ulimtoka puani. Kwanza alitazama cherehani, maana mota yake ilikuwa na tabia ya kuungua. Mota ilikuwa salama. Alivuta pumzi, akaitoa, moshi ukatoka tena, mwingi, wenye harufu ya sigara za mumewe. Akamaliza pindo, akakata uzi.

Jirani yake Emiliana alikuja mchana kuchukua mashati ya wanawe.

"Mama Munira, umeanza lini?"

"Sijaanza. Huu ni wa Baba Munira."

"Wake, halafu unatokea kwako?"

"Unatokea kwangu."

Emiliana alinusa kola ya shati moja, kisha la pili. Akasema haina neno, watoto wanakaribia kufungua shule, vifungo ataweka mwenyewe. Akayachukua hivyo hivyo. Wiki ile wateja wengine wanne walikuja kuchukua vitambaa vyao, wawili wakiwa hata hawajapimwa.

Walikwenda zahanati pamoja. Tabibu alimsikiliza Mwaija mgongoni, akamwambia apumue kuelekea dirishani, akautazama moshi unavyotoka.

"Ninao wengine watatu mwaka huu," alisema. "Wote ni wake za watu walioacha. Unaisha wenyewe."

Kwenye kadi palikuwa na visanduku vitatu: anavuta, havuti, ameacha. Kwenye kadi ya Semboja tabibu alitia alama kwenye ameacha, akampa mkono wa hongera. Kwenye kadi ya Mwaija alitia alama kwenye anavuta.

"Sijawahi kuigusa sigara maishani mwangu," Mwaija alisema.

"Mama, mimi naandika ninachokiona."

Kwa Semboja siku zile zilikuwa ngumu. Alipinda misumari kama mwanafunzi. Aliipiga teke ngazi, akamtukana Habakuki, halafu akashuka kumwomba radhi. Nyumbani alirudisha wali kwa sababu ulikuwa na chumvi, na kesho yake kwa sababu haukuwa na chumvi. Mwaija alivumilia. Alikuwa akimwekea karanga kwenye mfuko wa shati ili mkono ukienda pale ukute kitu. Zikiisha karanga, Semboja alitafuna misumari tu, akiizungusha toka shavu hili hadi shavu lile, na siku ikapita. Aliapa kwamba safari hii hatarudi nyuma, na ilionekana kwenye shingo yake kwamba hatarudi.

Siku ya kumi na mbili, baada ya chakula, alikaa mkekani karibu na mkewe kuliko kawaida yake. Mwaija alifurahi. Walikaa hivyo muda, bega kwa bega, naye akamweleza habari za Emiliana. Kisha akagundua kwamba kila akitoa pumzi yeye, mumewe anavuta. Alijaribu kupumua haraka. Semboja naye akaharakisha.

"Baba Munira," alisema. "Unanivuta."

 Semboja akainuka, akaenda kuosha uso. Alipokuwa akijifuta alisema kwamba hivi hawezi, kwamba sigara ya dukani anaipita lakini hii iliyomo ndani ya nyumba yake, inayomuuliza kama ameshiba, hiyo haiwezi. Kesho yake alibeba godoro na kwenda Mkumbara, ambako alikuwa na kazi ya kupaua maduka kando ya barabara ya Moshi. Alilala kwenye duka moja lisilo na milango. Kila Ijumaa alirudi kuswali, akasimama uani kumsalimia mkewe toka mbali, akamwachia unga na samaki.

Watu walimsifu. Baada ya swala ya Ijumaa alitajwa msikitini kama mfano, mtu mzima aliyeamua na akasimama imara, japokuwa nyumbani kwake kuna mvutaji. Waliokuwepo wakaitikia.

Mwaija alibaki na moshi. Kwa kuwa kazi ilipungua, alipata muda wa kuujua. Harufu yake ilibadilika kila jua linapochomoza. Aligundua kwamba unarudi nyuma. Siku ya arobaini ulikuja na harufu ya rangi mbichi, akakumbuka mwaka walipopaka nyumba rangi, miaka mitatu na ushee iliyopita. Kwa hiyo siku moja ilikuwa ni mwezi mmoja. Alichukua chaki yake ya kukatia, akaanza kuandika mistari ukutani nyuma ya cherehani. Waliooana miaka ishirini na sita wana miezi mia tatu na kumi na mbili. Aliona ni mingi lakini ina mwisho, na tangu hapo kila asubuhi alikaa kwenye kigoda uani akapumua kwa bidii, kama mtu aliyepewa shamba la kulima akaoneshwa mpaka wake.

Mwezi wa nne moshi ulikatika. Siku nne nzima alitoa pumzi safi. Alidhani umeisha, akaosha mapazia. Siku ya tano ukarudi. Alihesabu mistari, akakumbuka: miaka minane nyuma Semboja alikwenda Magoma kupaua ghala, akakaa miezi minne bila kurudi. Miezi ambayo hakuvuta karibu naye haikuwa na moshi.

Hapo ndipo alipopata shauri lake. Alimpigia simu mumewe.

"Baba Munira, mimba ya Munira uliacha, siyo?"

Upande wa pili nyundo ilinyamaza.

"Niliacha."

"Miezi tisa yote? Uliniapia."

"Yote."

"Basi nina siku tisa," alisema Mwaija. "Nitakwenda Handeni kumpakata mjukuu wangu."

Semboja alisema ni jambo jema, na nyundo ikaanza tena.

Mimba ile ilikuwa na habari yake. Munira alipozaliwa na kifua kibovu, marehemu mama mkwe alisema ni kwa sababu ya kuni. Alisema Mwaija alipikia kuni mbichi ndani, akamfukiza mtoto tumboni. Hakuna aliyebisha, hata Mwaija. Tangu hapo hakupika tena ndani. Alipika uani kwa kuni kavu tupu, na siku za mvua alikoroga ugali kwa mkono mmoja, wa pili umeshika mwavuli. Munira alikua akijua kwamba kifua chake kiliharibiwa na kuni za mama, na hakumchukia kwa hilo. Alikuwa ameshamsamehe.

Kwa miezi sita Mwaija alishona magauni tisa madogo, moja kwa kila siku. Kila likiisha alilitia kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na karafuu ili lisishike harufu. Moshi uliendelea kurudi nyuma. Ulifika miaka ya kabla ya umeme, ukaja na harufu ya koroboi. Ulifika mwaka ambao Semboja alikosa kazi akavuta tumbaku ya kusokota, na majuma yale Mwaija alikohoa mpaka mbavu zikauma. Hakuacha kupumua.

Mwezi wa kumi, siku aliyoihesabu, alikaa kitandani jua likachomoza. Alitoa pumzi. Ilikuwa safi. Akaitoa tena kwenye kioo cha kabati, kioo kikapata ukungu tu. Alivaa khanga mpya, akabeba ndoo, akapanda gari la saa mbili. Njia nzima alipumua polepole, kwa adabu. Abiria aliyekaa naye alimwomba amshikie mtoto wake wakati anatafuta nauli, naye akamshika.

Munira alimpokea mlangoni, Ikram akiwa kiunoni. Mtoto alikuwa na miezi kumi na moja, ameanza kusimama kwa kushika viti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nipe."

Alinyoosha mikono. Munira alimsogeza mtoto. Hapo moshi ukatoka. Haukuwa mwingi. Ulikuwa mwembamba, wa kidogo kidogo, moshi wa mtu anayevuta kwa kujificha, na ulikuwa na harufu ya umande. Munira alirudi nyuma hatua mbili.

"Mama, ulisema siku tisa."

"Baba yako ndiye aliyesema."

Mwaija alikwenda nyuma ya nyumba, akapiga simu. Semboja alipokea, akasikia anavyohema, na hakumngoja aulize.

"Nilikuwa navuta dirishani," alisema. "Alfajiri, ukiwa umelala. Sikujua kama unaingia ndani."

"Kuni zangu zilikuwa kavu?"

 Upepo wa Mkumbara ulisikika ukigonga bati ambalo halijapigiliwa.

"Zilikuwa kavu."

"Mwambie Munira, Semboja."

Katika miaka ishirini na sita hakuwahi kumwita kwa jina. Semboja alisema atamwambia.

Jioni Mwaija alimwambia binti yake mwenyewe, akiwa amekaa kwenye kigoda upande ambako upepo ulikuwa unakwenda, hatua kumi toka mtoto alipo. Alieleza yote, dirisha na umande na kuni. Munira alisikiliza hadi mwisho, kwa sababu alilelewa vizuri.

"Mama, baba ana siku karibu mia tatu hajagusa sigara," alisema. "Unajua alivyoteseka. Usimrudishe nyuma kwa mambo ya zamani. Na bibi alikuwepo, yeye aliziona hizo kuni."

"Zilikuwa kavu."

"Sawa, mama. Mimi sina kinyongo na wewe. Upepo umegeuka, sogea kidogo."

Mwaija alisogea. Angeweza kurudi Korogwe kesho yake, lakini alikuwa amekuja kwa siku tisa na alikaa siku tisa. Kila asubuhi alitoa gauni moja kwenye ndoo akalitundika kwenye kamba ya kuanikia, Munira akalichukua, akamvika mtoto. Mwaija aliyaona yote tisa toka pale kwenye kigoda. La sita lilikuwa limebana kwapani. Siku ya nane Ikram aliachia kiti na kutembea hatua tatu kuelekea kwa bibi yake, mama yake akamdaka.

Aliporudi zilibaki siku ishirini na kitu. Alizimaliza uani kwake, kila asubuhi. Siku ya mwisho moshi ulikuja na harufu ya udi na khanga ambazo hazijafuliwa, na jua lilipozama ukakoma. Asubuhi yake alitoa pumzi, hapakuwa na kitu. Alipangusa mistari ya chaki ukutani, akakaa kwenye cherehani.

Semboja alirudi na godoro lake. Alikuwa amenenepa, rangi imemrudi. Mwaija alimtengea chakula.

"Umemwambia?"

"Nitamwambia wakija. Mambo kama haya siyo ya simu."

Walikuja mwezi wa kumi na mbili. Emiliana alikuwa barazani, ameleta kitambaa cha mashati sita, na ndiye aliyewaona kwanza wakishuka kwenye bajaji. Aliwapokea mizigo huku akiwaeleza kwa furaha kwamba nyumba hii sasa ni salama, mzee aliacha na mama naye ameacha, Mungu mkubwa.

"Hongera, mama," Munira alisema. "Najua haikuwa rahisi."

Akampa mtoto. Ikram alikuwa mzito na wa moto, akamshika bibi yake pua kwa vidole vyote. Mwaija alitoa pumzi usoni pake, taratibu, mtoto akafumba macho na kucheka.

Munira alimwita baba yake wasaidiane kushusha mzigo wa mwisho. Ulikuwa mtungi wa gesi, mpya, na jiko la mafiga mawili. Yeye na mumewe walikuwa wamejinyima miezi mitatu.

"Sitaki upike tena kwa kuni, mama," alisema. "Kilichonipata mimi kinatosha. Huyu asikipate."

Semboja alisimama akiwa ameukumbatia mtungi kifuani. Alimtazama mkewe. Mwaija alimtazama, akangoja. Emiliana naye alingoja, akidhani mzee anataka kutoa shukrani.

"Ni mzito," alisema Semboja, akauingiza jikoni.

Alikuwa fundi mzuri, jiko alilifunga mwenyewe. Alikaza mpira, akachanganya povu la sabuni kwenye kikombe, akalipaka kwenye maungio yote moja baada ya jingine, akainama kuangalia kama patatokea kipovu chochote. Munira aliuliza toka barazani kama kuna mahali panavuja.

"Hapavuji," alijibu baba yake.