Kiwanda cha Waimasi ni cha Nani

Kiwanda cha mbao cha Waimasi kilikuwa na wenyewe wengi mno. Tangu wenye kampuni wapande meli yao na kuondoka bila kuaga, ukoo wa Haumera unasema kimesimama kwenye ardhi yao, na ukoo wa Tarapua unasema la, ni yao. Wameuliana nguruwe, wamepelekana mahakamani, hata kanisani hawakai benchi moja. Mungu anisamehe, nawachukia wote.

Mimi na mdogo wangu Elison tulishuka kutoka kijijini kwetu, kule juu mtoni, kutafuta kengele. Kanisani kwetu tulikuwa tunagonga mtungi wa gesi ulioliwa na kutu, na Elison alikuwa amesikia kwamba msumeno wa duara ukitundikwa unalia mpaka bonde la pili. Nikamwambia tuombe ruhusa kwanza.

"Tumwombe nani, dada? Ukimwomba huyu, yule anakukata panga."

Nikacheka. Nilicheka kweli.

Ndani, majani ya kutambaa yalikuwa yameingilia upande huu wa injini yakatokea upande wa pili. Kuku wa watu walitaga ndani ya tanuri. Mikanda ya mashine ilikuwa imetafunwa na panya. Elison alipita akigonga kila chuma kwa mpini wa panga, hiki anakisifu, kile anakitukana. Msumeno wenyewe ulikuwa bado mezani, na mbele yake, juu ya reli, kulikuwa na kigari kilichobeba gogo ambalo hakuna aliyewahi kulipasua. Akaugonga. Ukalia vizuri, akanitazama kwa furaha.

Kabari iliyozuia kigari kisiteremke ilimzuia kuifikia nati ya msumeno. Akaipiga teke kabari, ikachomoka. Zile reli zina mteremko kidogo. Gogo lilikuja taratibu, nasema taratibu, likambana kwenye meza ya chuma kuanzia nyonga kwenda chini.

Nilisukuma peke yangu nikashindwa. Nikakimbilia pwani nikipiga mayowe. Wanaume walikuja wa koo zote mbili, wamejaa tele, na miti ya kunyanyulia mabegani, wakafika mlangoni wakasimama. Kwetu mtu akiumia kwenye ardhi yako unalipa wewe, nguruwe na shanga za kombe, ile pesa yetu ya mila. Na anayetangulia kumgusa, huyo amekubali kwamba mtu ameumia kwake.

Mzee Haitarau wa Haumera akasafisha koo. Akasema amefikiri sana, kumbe mpaka wao unaishia mtoni, kiwanda ni cha Tarapua. Mzee Benson wa Tarapua akamjibu kwa adabu ambayo sijawahi kumsikia nayo.

"Hapana, ndugu yangu. Si mahakama ilikupa wewe? Hongera."

Watu wakacheka. Mdogo wangu anavuja damu, wao wanacheka.

Niliwapigia magoti. Niliwaapia hatutadai hata kifaranga. Benson akaniambia kwa upole kwamba mimi sina kauli, mwenye kauli ni mjomba wetu, na mtu alikuwa ameshatumwa kumwita. Nikarudi kwa Elison. Nilimnywesha maji ya dafu, nikamfunga kanga yangu kiunoni, nikamwambia mjomba Jemuel yuko njiani. Mjomba ndiye aliyetulea. Nilitulia kidogo, sitaki kusema uongo.

Alifika mchana na wanaume wetu, wa kutosha kabisa. Nikasogea kando wapate nafasi. Mjomba alitazama gogo, akamtazama Elison, akawatazama wale wazee wawili. Kisha akaketi kizingitini, akatoa popoo yake akaanza kutafuna.

"Asimguse mtu," akawaambia watu wetu kwa sauti ya chini. "Tukimtoa sisi, hakuna atakayelipa. Waseme kwanza ardhi hii ni ya nani."

Nikamwambia anakufa. Akasema analiona hilo, na ndiyo sababu hawezi kuwaachia hivi hivi. Nikamtemea mate usoni. Akajifuta, akaendelea kutafuna. Na wanaume wetu, watu niliokula nao sahani moja, wakaweka miti yao chini.

Elison alinisikia nikirudi. Midomo yake ilikuwa imepauka.

"Ile si sauti ya mjomba?"

"Ndiyo."

"Amekuja na watu?"

"Wengi."

Akanishika mkono.

"Basi tumepona, dada. Waambie wasiwe na haraka, gogo lisije likamuumiza mtu."