Kijerumani cha Jikoni

Köbi aliposhuka kwenye kile kigari cha mteremko, kitu cha kwanza alichofanya ni kuziba pua.

"Hedwige, hapa kuna nini?"

"Kuna Fribourg," nikamwambia. "Achia hiyo pua, watu wanakuangalia."

Kigari chetu kinaendeshwa kwa uzito wa maji machafu ya mji wa juu, na siku ya jua hakifichi siri. Sisi wa mji wa chini hata hatuisikii tena harufu yake. Yeye ametoka Zurich, kwa wasema Kijerumani, ameendesha tramu za umeme mpaka kustaafu, akaniangalia kama mtu aliyefanyiwa mzaha. Nikasema moyoni, haya, tumeanza vibaya.

Na mimi sikutaka tuanze vibaya hata kidogo. Niseme wazi, sioni haya: nilimtaka yule mwanamume. Nywele zangu nyeupe, goti langu moja bovu, na nilimtaka. Tulikutana kwenye mabwawa ya maji moto kule Valais, yeye mgane, mimi mjane, tukacheka mpaka mlinzi akatuambia tutoke majini tumeshakunjamana vidole. Tangu hapo ni simu kila jioni. Na kila jioni, kabla ya kuaga, lazima aniulize nitahamia Zurich lini, na mimi lazima nimuulize kama huko mvua imenyesha.

Sihami. Nimezaliwa kwenye nyumba za chini ya daraja la mto wetu, nimemzikia mume wangu Aloys hapa, na kaka yangu Meinrad anaishi ghorofa ya juu yangu, hajui kujikaangia hata yai. Kwa hiyo nikamwalika Köbi siku ya Bénichon, sikukuu yetu ya mavuno, siku ambayo mtaa mzima unakula mpaka unalegea. Nikajiambia, asipoupenda mji huu leo hataupenda tena. Basi kila mtu abaki na kitanda chake.

Tukashuka kwa miguu kuelekea mtoni. Wanafunzi wa chuo kikuu nao walikuwa wanateremka makundi makundi kufuata bia na muziki, wanaimba kwa Kifaransa na kutukanana kwa Kijerumani. Kijana mmoja akatuuliza njia ya uwanjani, akaanza swali kwa lugha moja na kulimalizia kwa nyingine, nami nikamjibu vivyo hivyo, maana mji wetu ni wa lugha mbili.

"Sasa hapo mlizungumza nini?" akauliza Köbi.

"Tulizungumza. Twende, chakula kinapoa."

Meinrad alikuwa amevaa tai. Sijamwona na tai tangu mazishi ya Aloys, nikajua naye kalichukulia jambo hili kwa uzito wake. Akampa Köbi mkono, akamkaribisha kwa Kifaransa cha adabu, kile cha kuzungumza na padri. Köbi akajibu kwa Kifaransa chake cha shule, kinachochechemea, lakini kinakwenda.

Nikaleta mkate wa zafarani na haradali yetu tamu. Maskini Köbi! Alikula kipande, akala kingine, akasifu, akaongeza, akapaka haradali mpaka kwenye masharubu. Meinrad anamsogezea sahani tu, kimya, uso wa mtakatifu. Mimi nampiga teke Meinrad chini ya meza, naye ananiuliza kwa sauti kama nina kichefuchefu. Köbi alipofuta mdomo na kusema asante, ameshiba vizuri, ndipo nikaleta supu ya kabichi. Baada ya supu, paja la nguruwe la moshi. Baada ya paja, mwanakondoo na zabibu kavu na yale mapeasi madogo ya hapa kwetu.

"Bado kuna kitu?" Köbi akaninong'oneza, macho yamemtoka.

"Bado krimu."

"Mungu wangu."

"Kula, bwana," Meinrad akasema. "Kwa mkate ule ulikimbia sana. Tulidhani Zurich kuna njaa."

Köbi akacheka, akafungua kifungo cha suruali mbele yetu, akala vyote. Vyote! Hapo moyo wangu ukatulia kidogo. Meinrad akapanda kwake kulala, na sisi tukaingia jikoni kuosha vyombo, mimi nikiosha, yeye akifuta. Tulipobaki wawili tukarudia Kijerumani, maana ndicho tulichokutana nacho.

"Hedwige," akasema, "kwangu kuna lifti."

"Ushaniambia."

"Ziwa liko mtaa wa pili. Mashine ya kuoshea vyombo ipo. Leo nimehesabu ngazi zenu nikachoka kuhesabu. Hapa goti lako litakumaliza. Njoo tuishi pamoja. Njoo tuoane."

Aliyasema huku ameshika sufuria. Mwanamke mwingine angelia kwa furaha. Mimi damu ilinipanda kichwani.

"Lifti! Unaniposa kwa lifti?"

"Nakuposa kwa mapenzi, lifti ni nyongeza!"

"Aloys alipanda ngazi hizi mpaka wiki aliyokufa!"

"Ndiyo maana akafa! Na mji wenyewe unanuka!"

"Zurich yenu haina hata harufu, inafanana na chumba cha daktari! Utanipeleka huko nikae nikiangalia ziwa kama bata?"

"Nani kasema bata? Wewe mwanamke huwezi kusikiliza maneno mawili?"

"Yaseme kwanza yawe na maana!"

Nilikuwa nimeshapiga sinki kwa mwiko. Yeye shingo imemwiva. Mlango ukafunguka kwa kishindo na Meinrad akaingia, miguu mitupu, tai imekaa begani, mkongojo ameuinua juu.

"Wewe bwana, toka," akamwambia. "Chukua kofia yako. Mkate wangu umekula, hilo nimesamehe. Dada yangu humgombezi nyumbani kwake."

"Simgombezi!" Köbi akarudi nyuma, sufuria kaishika kama ngao. "Namwomba nimuoe!"

Meinrad akaniangalia mimi, akamwangalia yeye.

"Kwa Kijerumani?" akauliza. "Kwenye jiko hili?"

Hapo nikakaa kitini, maana nilielewa kosa la kaka yangu, na Köbi masikini hangelielewa mpaka kesho. Mama yetu lugha yake ilikuwa Kifaransa, ya baba Kijerumani. Mama alipotaka kumchamba baba alitumia Kijerumani, ili asije akajitetea kwamba hakuelewa. Baba alipotaka kumbembeleza alitumia Kifaransa, kwa sababu hiyohiyo. Tumekulia humo. Mimi na Aloys tukaendelea hivyohivyo bila kupanga: mapenzi, sala na maradhi kwa Kifaransa, ugomvi kwa Kijerumani. Dukani, kazini, njiani, sema utakacho. Lakini ukisikia Kijerumani kikivuma kutoka jikoni kwetu, ujue kuna mtu anapewa ukweli wake.

Nikamweleza Köbi. Akasikiliza mdomo wazi.

"Kwa hiyo nikikuambia nakupenda," akasema polepole, "hapa ndani ni kama nakutukana?"

"Ulikuwa unanitukana pia," nikamwambia. "Ulisema mji unanuka."

"Unanuka, Hedwige."

"Unaona?"

Dirisha la ng'ambo ya kichochoro likafunguka, na jirani yangu Blandine akatoa kichwa chenye vibanio vya nywele. "Hedwige! Nimeita wanangu, wanakuja! Mshikilieni huyo mtu asikimbie!"

"Hakimbii!" nikampigia kelele. "Ananiposa!"

"Anakuposa au anakupiga?"

"Ananiposa, nimesema! Funga dirisha!"

Hakufunga. Akavuta kiti.

Ndipo nikamgeukia Meinrad nimwambie arudi kulala, nikaona amekaa kwenye kigoda cha mbao, mkongojo katikati ya magoti, machozi yanamtoka. Kaka yangu! Mtu ambaye hata mama alipokufa alikwenda kulilia ghalani tusimwone.

"Meinrad, una nini? Tumbo?"

"Tangu tumzike Aloys," akasema, "sijasikia jiko hili likipigiwa kelele. Nalala juu hapo, nasikia maji, nasikia redio, nasikia unavyosema asante, samahani, asante. Kila mtu unamjibu kwa upole. Nikawa najisemea, huyu siye dada yangu, huyu amejizika pamoja na mumewe. Leo nimeshtuka usingizini, nikasikia unapiga sinki." Akajifuta kwa tai. "Nilishuka kumfukuza huyu bwana. Lakini ngazi zote nilizishuka nacheka."

Nilijua ni kweli yote. Miaka hiyo nilidhani kinachoniuma ni kukosa maneno matamu, nikawa nayatafuta kwenye simu kila jioni. Kumbe matamu niliyapata. Nilichokosa ni mtu wa kunijibu.

Köbi akaweka sufuria chini. "Mimi huko Zurich," akasema, safari hii taratibu, "nina lifti, na humo ndani nazungumza na vitufe. Nikimwambia jirani neno kali anaandika barua ya kunishtaki kwa msimamizi wa jengo. Sijagombana na mtu tangu mke wangu alipofariki." Akatundika kitambaa cha vyombo. "Nitahamia mimi."

"Hapa penye harufu?"

"Hapa penye harufu."

Blandine akapiga makofi dirishani. Meinrad akanyanyuka, akampa Köbi mkono kwa mara ya pili siku hiyo, akamwita shemeji, na kumwambia asitegemee kushinda hata siku moja.

Mimi nilitaka kusema ndiyo kwa Kifaransa, kama inavyopasa. Nikafungua mdomo, ikatoka kwa Kijerumani, tena kwa sauti. Ikatoka vizuri tu. Nikamkumbatia na mikono yangu yenye povu.

"Nitakuja na kabati la mama yangu tu," akasema sikioni pangu. "Vingine nauza."

Nikamwachia. "Kabati gani?"

"La mwaloni. Milango mitatu."

"Halipiti kwenye ngazi zetu."

"Litapita."

"Köbi, hizi ngazi mimi nazijua tangu nazaliwa, halipiti!"

"Linapita, mwanamke, tutaligeuza!"

"Utaligeuzia wapi, kwa Blandine?"

"Kwangu halikai!" Blandine akapiga kelele.

Meinrad akatoka, akafunga mlango polepole nyuma yake, akapanda kwenda kulala.