Mama Mkwe Anasugua Gari

Sauti ile Hénock aliijua hata kabla hajafungua macho. Kwaru, kwaru, kwaru. Ndiyo sauti ya sufuria iliyoshika bukari, ugali wetu wa huku, ikisuguliwa kwa nyuzi za chuma na mchanga, na tangu mama mkwe wake afike kutoka Sandoa kumsaidia mkewe Naomie na mtoto mchanga, wiki mbili sasa, ndiyo iliyokuwa ikimwamsha kila asubuhi. Sufuria za nyumba ile zilikuwa ziking'aa mpaka majirani walizisema. Basi akajigeuza, akajifunika vizuri. Ila leo kulikuwa na jambo. Sufuria hugeuzwa, huwekwa chini, hulia. Hii ilikuwa ikienda tu, ndefu, bila kituo, na ilitoka uani mbele, si jikoni.

Akaruka kitandani, akasogeza pazia kwa kidole kimoja. Mungu wangu! Mama Kapinga alikuwa ameinama juu ya boneti ya gari jeusi la patron, bosi wake. Kilemba amekivua, kitenge amekifunga chini ya kwapa, mabega wazi. Mkono mmoja umeshika nyuzi za chuma, mwingine unachota mchanga na majivu kwenye sahani. Na alikuwa akiimba wimbo wa kanisani, kwa raha zake. Hénock akaliachia pazia haraka. Hakuliachia kwa sababu ya gari, maskini. Aliliachia kwa sababu alikuwa amemwona mama mkwe wake mabega wazi.

Sasa wewe ambaye kwenu hakuna mambo haya utasema, si atoke tu amwambie aache? Haya, toka wewe. Kwa kina Hénock ukwe, buko tunavyouita huku, si mchezo. Mama mkwe humtazami usoni, humpiti karibu, huli naye, na neno lako linamfikia kwa kinywa cha mtu mwingine. Kumkuta amejifunga kitenge cha kazi ni aibu ya kulipiwa mbuzi. Kumkosoa ndiyo usiseme kabisa. Gael, aliyemwoa dada mkubwa wa Naomie, alimwambia mama huyu neno moja tu, kwamba samaki wamezidi chumvi. Jioni ileile mama alifunga mizigo, akaondoka na binti yake, na mpaka leo, mwaka wa tatu, Gael anajipikia mwenyewe.

Na lile gari! Lingekuwa la Hénock angerudi kulala, akalilia kesho. Lilikuwa la Patron Stany, tajiri wa malori, na siku hiyohiyo, saa nane mchana, ndilo lilikuwa limbebe Jessica, binti wa patron, kwenda kanisani kufunga ndoa. Dereva aliyemtangulia Hénock alilipeleka kuoshwa barabarani, vijana wakalipangusa kwa tambara lenye mchanga, likarudi na michirizi kwenye mlango, naye akarudi kwao kwa miguu. Ndivyo Hénock alivyotoka kwenye mashimo ya shaba, na mgongo wake mbovu, akapata kazi ya kuvaa shati lililopigwa pasi. "Utaliosha kwako nyumbani, kwa mkono wako mwenyewe," patron alimwambia. "Siku nikiona mchirizi mmoja, urudi shimoni."

Na kuosha gari alikuwa anakujua hasa! Vumbi la Kolwezi si vumbi, ni jiwe lililosagwa na malori. Ukilipangusa kavu umelichana gari mwenyewe. Kwanza unalimwagia maji, mengi, kuanzia juu, vumbi lishuke lenyewe bila kuguswa. Halafu ndoo mbili, moja ya sabuni, moja ya kusuuzia kitambaa. Kitambaa laini, mkono mwepesi, kivulini, kabla jua halijapanda. Vyote alikuwa amevipanga tangu jana jioni chini ya benchi: ndoo mbili, sabuni ya magari, na kitambaa ambacho hata matapishi ya mwanawe hayakuruhusiwa kukigusa. Halafu, akila, akamwambia Naomie kwa sauti ya mwanaume mwenye kazi, "Kesho motoka hii lazima ing'ae, Naomie. Kazi yangu yote iko juu yake." Kati ya chumba chao na cha mama mkwe kulikuwa na ubao tu. Mama alisikia kila neno.

Hapo ndipo palipomuuma. Miaka miwili mama huyu alikuwa hamtaji kwa jina. Alimwita "ule wa mashimo", na siku ya mahari aligeukia ukutani muda wote. Leo ameamka kabla ya jogoo, bila kuombwa na mtu, kuokoa kazi ya ule wa mashimo. Ungemchukia vipi? Hénock alijaribu, akashindwa.

Akakohoa. Kwaru, kwaru. Akakohoa tena, kikohozi kikubwa cha mtu anayetaka kutoka. Wimbo ukakatika.

"Batu balale tu!" mama akasema, akiielekezea miti, kama heshima inavyotaka. "Kazi iko karibu kuisha. Na mutu mwenye kukohoa asitoke na hii baridi."

Kwaru, kwaru, kwaru. Sasa alikuwa amefika kwenye mlango wa dereva.

Naomie! Naomie ndiye kinywa cha nyumba hii. Alikuwa ametoka alfajiri na mtoto mgongoni, kuwahi foleni ya chanjo. Hénock akapiga simu yake. Ikalia palepale, chini ya mto. Akakaa ukingoni mwa kitanda, simu mbili mkononi, jitu zima la kilo themanini, na machozi yakimlenga.

Dirisha la nyuma lilikuwa na nondo, lakini lilitazama ua wa Mama Henriette, jirani, mwanamke wa kanisani na mwenye kusikilizana na kila mtu. Hénock akabandika uso kwenye nondo, akamwita kwa kunong'ona mpaka akasogea na ufagio wake.

"Mama Henriette, nakuomba. Pita kule mbele, umwambie mama aache motoka."

"Aache? Mbona anakusaidia?"

"Umwambie aache tu. Mbio, mama!"

Akaenda. Hénock akasimama nyuma ya pazia, masikio wazi. Walisalimiana, wakaulizana usingizi, wakaulizana Sandoa na mihogo ya Sandoa, huku kwaru ikiendelea katikati ya salamu. Mwishowe Mama Henriette akasema, "Mama, mukwe yako anasema uache, unachoka bure." Mama Kapinga akacheka kicheko ambacho Hénock hakuwahi kukisikia tangu aoe.

"Kumbe mutoto huyu iko na adabu hivi? Angenyamaza tu, ningesema hana bazazi ba kumufundisha. Mwambie alale. Nitamusugulia hata magurudumu."

Umeona? Mkwe mwema akifanyiwa kazi, lazima aseme acha. Na mama mwema akiambiwa acha, lazima aongeze bidii. Adabu ilikuwa imemziba Hénock mdomo pande zote mbili. Kwaru ikapanda kasi.

Mama Henriette akarudi dirishani akitabasamu. "Anasema ulale."

"Mama Henriette, anaiharibu! Ile chuma inakula rangi! Rudi umwambie anaharibu."

Tabasamu likamtoka. Akaushika ufagio wake kwa mikono miwili. "Mi? Nimwambie mama ya batu, mugeni, mwenye mvi, kama anaharibu? Mbele ya kazi ya mikono yake? Hapana, tata. Hiyo kinywa sina." Akaanza kufagia mahali alipokwisha kufagia. Hénock alimjua, asingerudi kule hata kwa kuombwa kwa magoti.

Alibaki amesimama. Alihesabu kwa masikio: mlango wa pili, ubavu wa nyuma, buti, akazunguka upande wa pili. Mara mbili alishika komeo la mlango. Mara mbili aliona mabega ya mama yake Naomie, akamwona Gael akipuliza moto peke yake, akaliachia. Kuna watu watamwita mjinga. Mimi sisemi kitu. Mimi nina mama mkwe.

Jua lilikuwa limeanza kugusa ukuta wa ua mama alipolisuuza gari kwa ndoo za maji, akasema, kwa miti, "Bon, sasa naenda kuoga." Hénock akasubiri mlango wa bafu ulie, akatoka mbio miguu mitupu.

Na gari, ajabu, lilikuwa linang'aa! Jeusi tii, maji yakiteremka, mawingu yakionekana kwenye milango. Hénock akashusha pumzi. Labda mkono wa mama ni mwepesi, akajiambia. Labda majivu yameulainisha mchanga. Hata akacheka kidogo peke yake, mkono kifuani. Paa tu ndilo lilikuwa bado na vumbi lake jekundu, maana mama ni mfupi hakulifikia.

Halafu boneti ikaanza kukauka. Kwanza pakatokea kiraka cha kijivu, ukubwa wa sahani. Kikapanuka. Ndani yake vikatokea viduara, kimoja juu ya kingine, mamia, kila mahali mkono wa mama ulipozunguka. Mlango nao ukafuata. Gari lote likawa linapauka mbele ya macho yake, jeusi likigeuka rangi ya jivu lililopoa. Akagusa kwa kidole, palikuwa na makwaruzo unayoweza kuyahesabu.

Akachota maji akamwaga. Viduara vikapotea, weusi ukarudi. Akasimama akitazama. Dakika tano, kijivu hicho. Akamwaga tena. Unajua mtu akishikwa hana la kufanya, hufanya lolote: Hénock alizunguka lile gari na ndoo, akiloanisha mbele nyuma ikikauka, akirudi nyuma mbele ikikauka, na jua likipanda. Alimwaga pipa zima, maji ya kuoga na ya kupikia. Naomie alimkuta hivyo, suruali imelowa mpaka magotini. Akamshusha mtoto mgongoni polepole. Alizitazama nyuzi za chuma kwenye sahani, akatazama gari, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Usimwambie," Hénock akasema. "Nakuomba, Naomie. Usimwambie."

Mama Kapinga akatoka amevaa kitenge chake cha Jumapili na kilemba kipya, mtu aliyemaliza kazi. Akaweka kiti mbali, kama inavyotakiwa, akakaa ubavu, uso kwenye ua wa jirani. Hénock naye akampa mgongo. Mama alikuwa anangoja ashukuriwe, na ilikuwa haki yake.

Patron Stany hakungoja aletewe gari. Saa tano kamili alishushwa mlangoni na shemeji yake, suti ya harusi mwilini, riboni nyeupe na maua mkononi. Alikuwa anacheka alipoingia. Akafika kwenye boneti, na kicheko kikaisha hapohapo. Akazunguka gari lote, bila haraka, kidole chake kikipita juu ya viduara. Yule mzee hakuwa mkali wakati huo. Alikuwa baba wa bibi harusi, na Hénock alitamani hata apigwe.

"Nani amefanya hivi?" patron akauliza kwa Kifaransa.

Kifaransa mama mkwe hakukisikia hata neno. Ila aliuona mkono wa patron ukionyesha gari, akajiweka sawa kitini, akapitisha kiganja kwenye kitenge chake kukinyoosha. Hénock alijua akisema "si mimi," patron atauliza ni nani basi, na atauliza kwa Kiswahili.

"Ni mimi, patron."

"Wewe? Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

Patron akanyoosha kiganja. Hénock akaweka funguo. Hapakuwa na matusi, na hilo ndilo lililommaliza. Riboni na maua vikatupwa kiti cha nyuma, gari likatoka uani, kijivu na viduara vyake vyote, na juu yake paa jekundu kwa vumbi. Likapotea barabarani kati ya malori.

Mtoto akagugumia.

"Naomie," mama akaita, uso bado kwa jirani. "Ule patron amesema nini?"

Naomie akamtazama mumewe. Mumewe alikuwa ameinama, anakikunja kile kitambaa laini, kikavu, kisichotumika, anakikunja na kukikunjua na kukikunja tena.

"Anasema aksanti, mama," Naomie akajibu. "Anasema aksanti sana."

Mama Kapinga akatikisa kichwa polepole, akaridhika. Miaka miwili alikuwa hajalitaja, sasa akalitoa jina kwa uangalifu, mtu anayeonja kitu kwa mara ya kwanza.

"Umwambie Hénock, mutoto yangu, asiwe na haya ya kuniomba. Bazazi njo kazi yabo. Na kesho akirudi na ile motoka atafute ngazi, maana juu sikufika. Nitamalizia."

Hénock alibaki amewapa mgongo. Kwa mara ya kwanza alishukuru kwamba mkwe hatakiwi kuonyesha uso wake.

"Mwambie mama," akasema, "ngazi nitatafuta."