Mlinzi Aliyetupwa Jaani

"Mstari uko wapi, Edileuza?" Profesa Lindalva aliuliza, picha mkononi, kwa sauti ya kusikika hadi mji jirani wa Olinda.

Maabara yetu ya Recife inachunguza homa ya dengi. Kwetu, protini ikiwa imo ndani ya seli huonekana pichani kama mstari mweusi. Edileuza, mtafiti mwenzangu, alikuwa anatafuta moja tuliyoiita mlinzi, ile inayopiga kelele virusi vinapoingia. Kwenye seli zenye afya ilionekana. Kwenye zilizoambukizwa, peupe.

"Sijakosea, Profesa. Protini nyingine zote zipo."

"Basi mlinzi kaenda kanivali? Mkono wako huo, binti. Unamwaga sampuli ovyo. Rudia, na ukiniletea tena peupe, utafiti huu nampa mwingine."

Nilimshauri aombe radhi yaishe. Akanisonya. Edileuza ni mbishi, ukimwambia maji ya moto atatia kidole.

"Kitu hakipotei hivi hivi, mwenzangu. Kuna anayekila."

Kila seli ina kinu chake cha kusagia protini zilizochakaa. Hubandikwa alama kwanza, kisha husagwa. Edileuza alichukua dawa inayoziba kinu hicho akazitilia baadhi ya seli zilizoambukizwa, dakika za mwisho kabisa, maana zikikaa nayo sana hufa.

Picha ilipotokea kwenye kioo cha kompyuta, niliinama kuitazama. Seli zisizopewa dawa, peupe kama kawaida. Zilizopewa, mstari huo hapo, mweusi tii! Virusi havikupigana na mlinzi hata kidogo. Protini yao moja ilimbandika alama ya taka tu, na seli, kwa utiifu wote, ikamsaga mlinzi wake yenyewe. Kitu kisicho na macho wala akili, kinajuaje jaa la nyumba ya watu liko wapi? Niliogopa, na Mungu anisamehe, nilikistahi.

Profesa alisogea, akatazama kwa muda mrefu.

"Mama yangu wee," alinong'ona. "Nyumba inamtupa mlinzi wake."

"Ndiyo, Profesa. Akishabandikwa alama, hakuna anayeuliza kama kweli ni mbovu."

Edileuza alisema hivyo kwa upole, macho kwenye kioo. Profesa ndiye aliyegeuka kumtazama.

"Nisamehe, binti yangu," alisema, akivuta kiti. "Haya, nionyeshe tena, polepole."