Kiti Kinacholia

Redioni walimwita Sikio, na jina lilimkaa kama kofia ya kuazima. Kila Jumapili mchana alipambanisha rekodi mbili za muziki uleule, kisha akawaambia wasikilizaji ipi ina roho na ipi ni kelele zilizovaa suti.

Jumapili hiyo ilikuwa zamu ya simfoni ya karne mbili zilizopita, ya wakati watunzi walipoanza kuacha adabu na kumwaga moyo hadharani. Rekodi ya kwanza ilikuwa ya okestra kubwa ya ng'ambo. Ya pili ilikuwa ya okestra ya Mjomba wake: fundi cherehani kwenye fidla, daktari wa meno kwenye tarumbeta, na Mjomba mbele yao na kijiti chake cha kuongozea. Mjomba ndiye aliyemlea na kumfundisha kusikiliza. Aliomba kitu kimoja tu: "Usinipendelee, mwanangu. Sema unachosikia."

Sikio, kwa kuogopa kuambiwa anambeba mtu wa nyumbani, aliamua tangu kitandani kwamba atakuwa mkali. Hukumu ilishapigwa pasi na kukunjwa kabla ya noti ya kwanza.

Ikapigwa ile sehemu ya polepole. Pale vyombo vyote vinaponyamaza na chelo inabaki peke yake, kiti cha mpigaji kikalia: nyii.

"Mmesikia?" Sikio akasema kwenye maikrofoni. "Huyo ni binadamu anayeisogelea huzuni yake. Wenzetu hawaogopi kuacha uhai kwenye rekodi."

Akaagiza ya pili. Chelo peke yake. Nyii.

"Na hapa," akasema kwa sauti ya mtoa rambirambi, "kiti kibovu. Nampenda Mjomba, lakini okestra iliyoshindwa kutia kiti mafuta itatia nini kwenye muziki?"

Ng'ambo ya kioo, dada fundi mitambo alikuwa ameshika kichwa. Matangazo ya biashara yalipoanza, akaingia.

"Kaka, ya kwanza ulisema nipige rekodi ya kushoto. Kushoto kwako au kwangu?"

"Kwangu, bila shaka."

"Mimi nimekaa nakutazama. Nikapiga ya kushoto kwangu. Ya pili ukasema 'ya Mjomba'. Nikasoma jina, nikakuta ni ileile. Nikakupungia mikono, wewe ukanijibu kwa dole gumba."

Sikio alihisi masikio yake, yale maarufu, yakiwaka moto.

"Kwa hiyo ile ya ng'ambo…"

"Iko kwenye mashine, haijaguswa."

Taa nyekundu ikawaka. Alikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Alichosema ni, "Wapenzi wasikilizaji, tulipata hitilafu ndogo ya mitambo." Dada fundi alimtazama kupitia kioo, kisha akatazama vitufe vyake. Hakuinua macho tena mpaka kipindi kikaisha.

Sikio akaenda kwa Mjomba moja kwa moja. Sebuleni wapigaji wote walikuwepo, redio katikati yao kama mgonjwa.

"Karibu," alisema Mjomba. "Umetukuta tunabishana. Daktari anasema sisi ni wale wa kwanza, wenye roho. Fundi cherehani anasema sisi ni wale wa pili, wenye kiti."

"Mjomba, ilikuwa hitilafu ya—"

"Ya mitambo. Hiyo tumeisikia. Wewe ulisikia nini?"

Sikio akajikuta anahesabu vifungo vya shati lake.

"Sikusikiliza," akasema. "Na mitambo haina kosa. Nimemsingizia yule dada."

Hakuna aliyemkaripia. Angekaripiwa, angalau angepata la kujitetea.

"Haya, kaa," Mjomba alisema. "Utachoka kusimama."

Viti vyote vilikuwa na watu, isipokuwa kimoja, kando ya chelo. Sikio alikitambua. Akajishusha polepole, kama mtu anayekalia mayai.

Nyii.

Hakuna aliyecheka. Akajibana, akakaa bila kutikisika, lakini kila alipovuta pumzi, kiti kilimsema.