Kipande Kilichotakiwa Kuachwa

...hiki kipande cha kontroo hujakigusa kabisa, eti Mama Lea, ameuliza bwana shamba Anord, na Esnath, ndiye huyo Mama Lea, amefungua kinywa palepale shambani aseme hajakigusa, lakini amekigusa, tena mara nne, jamani, kila akimaliza kupuliza dawa ya ukungu kwenye vile vipande vingine vya viazi vya majaribio hubaki kidogo ndani ya bomba, na tangu lini mtu wa milima hii ya Mbeya akamwaga dawa chini, basi akaimalizia hapo, na aibu nayo, watu wanapita kwenda kanisani, wakikiona kimenyauka watasema Esnath siku hizi mvivu... kontroo, neno lenyewe lilimchanganya, nesi kule Ilomba alimwambia presha yako uikontroo mama, yaani uishike isipande, na Saulo mumewe akikalia rimoti hutamba leo kontroo ninayo mimi, sasa iweje kontroo ya bwana shamba iwe kipande cha kuachwa yatima, bila dawa, bila mkono wa mtu, eti cha kulinganishia vingine... "Kilo arobaini na mbili kipande hiki, bila dawa! Mbegu hii inapigana na ukungu yenyewe," anasema Anord, anacheka peke yake mbele ya mizani, na jirani yao mzee Isakwisa, mwenye ekari moja na wajukuu watano wa kulisha, anadakia, "Basi mwakani napanda hii tupu, dawa sipigi tena"... usipande baba, usithubutu, ukungu wa Machi utalimaliza shamba lako kwa siku tatu, watoto watakula nini, Esnath anasema moyoni, na macho yanamkimbilia kwenye kona ya kipande, nyuma ya jiwe, ambako mpira wa bomba haukufika, mashina matatu meusi, yameoza mpaka chini, aliyaona zamani akaona haya, akayafunika kwa majani... na sasa mwili unamsisimka, kumbe kontroo yenyewe ni yale, matatu tu, hayakusaidiwa na mtu, yamekufa yakisema kweli, na mlima mzima, mbegu yote, ekari ya Isakwisa, vinapimwa kwa hayo, ee Mungu wangu, kitu kidogo hivyo kinabeba watu wote hawa, na yeye akidhani anakihurumia kipande kumbe anakiziba mdomo... presha haijapanda, ajabu, moyo umetulia, waache wafute jaribio, wampe mwingine mbegu, Saulo amcheke mwezi mzima, atawaonyesha tu, atayafunua yale majani kwa mikono yake... "Eh, Mama Lea, niandike hukukigusa?" anauliza tena Anord, Isakwisa naye anangoja, na Esnath, kinywa bado wazi, anayatazama mashina yale meusi kwa heshima ambayo hajawahi kulipatia zao lolote alilolivuna.